Ombi la Kulazimishwa

Jumanne, 12 Novemba

Siku ya kihistoria! Saa tatu na dakika kumi asubuhi nimekabidhi ombi letu masijala. Saini mia mbili na kumi na mbili. Kurasa sita. Mwandiko wangu, wino wa buluu, pambizo nimezipima kwa rula. Tunadai wanafunzi wa uhandisi waondolewe masomo yote ya lazima yaliyo nje ya fani yao. Hoja kumi na nne. Ninayoipenda kuliko zote ni ya tisa: "Daraja halishikiliwi na sufi."

Maana hilo ndilo balaa letu muhula huu. Mimi, Kubatbek, mwaka wa tatu, barabara na madaraja, mtu ambaye siku moja atavusha malori juu ya mto Naryn, nimepangiwa na chuo kushona mazulia ya sufi ya kondoo! Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana. Wahandisi wote, bila kubagua. Kisa, eti mtu asitoke chuoni anajua kitu kimoja tu.

Mpaka leo sikuwa nimehudhuria hata mara moja. Niliandika barua za udhuru tano. Ndani ya hizo tano bibi yangu amefariki mara mbili na kuolewa mara moja. Leo mwalimu wa sufi, Bi Zuurakan, kanivizia mlangoni mwa kantini. Kanishika mkono wa koti. "Bibi yako hajambo, baba?" akauliza. "Haya, twende."

Darasa lenyewe liko nyuma ya chumba cha tanuri la makaa. Wenzangu walikuwa wameshapangwa wawili wawili. Mmoja tu hakuwa na mwenzake. Burulai, mwaka wa pili, anasomea hali ya hewa. Kanitazama kuanzia viatuni, kanipa fimbo, akasema sufi haijipigi yenyewe.

Tukapiga sufi. Tukamwaga maji ya moto. Tukaikunja ndani ya mkeka wa matete, tukausukuma mkeka kwa miguu, sote mstari mmoja, tumeshikana mabega. Nilianguka mara mbili. Mara ya kwanza Burulai alicheka. Mara ya pili alinidaka kiwiko.

Na ile harufu! Sufi iliyolowa, yenye moshi ndani yake. Ni ua wa nyumbani kwetu kule At-Bashy, mama kakunja mikono ya gauni, mvuke unamfuka usoni. Miaka mitatu sijaisikia. Siku niliyoondoka nyumbani niliapa sitagusa sufi tena maishani. Leo nilitamani nijifunike nayo gubigubi.

Saa kumi na moja jioni nikakumbuka lile ombi. Jasho likanitoka.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekwenda masijala kulirudisha ombi langu. Karani kasema haiwezekani, limeshagongwa muhuri na kupewa namba. Nikamwambia ni langu mimi. Akasema jana lilikuwa langu, leo ni la ofisi. Nikitaka litoke niandike ombi la kuondoa ombi, litiwe saini na watu wale wale mia mbili na kumi na wawili, kwa mpangilio ule ule.

Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo. Niende kwa Naibu Mkuu wa Kitivo, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nimebadili mawazo. Tukacheka wote wawili. Mtu mwenye heshima zake hafanyi hivyo.

Bwenini Rysbek kaniuliza nina msiba gani tena, au bibi karudia. Huyu Rysbek ni kiranja wa darasa letu na tunalala chumba kimoja, mikosi miwili kwa mtu mmoja. Saini yake ni ya pili kwenye ombi na ni kubwa kuliko yangu. Rysbek hutia saini chochote kinachopita mbele yake. Mwaka jana alitia saini karatasi ya kukubali kuhamishwa bwenini akidhani ni orodha ya sabuni.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo tumekata!

Ufundi wenyewe uko hivi, na ninaukubali kwa shingo upande: hakitupwi kitu. Zulia langu jeusi linalazwa juu ya zulia jekundu la Burulai. Mmoja anachora pembe za kondoo dume kwa chaki. Mwingine anakata kwa kisu, mazulia yote mawili kwa mpigo. Kisha pembe nyekundu zinaingia kwenye matundu ya zulia jeusi, nyeusi zinaingia kwenye jekundu. Mazulia pacha. Kila moja linabaki na vipande vya mwenzake mpaka litakapochakaa.

Ila Bi Zuurakan haruhusu watu kupeana pembe siku hiyo hiyo. Kila mtu ashone kwanza pindo za zulia lake. Ndipo mnakaa uso kwa uso mnakabidhiana. Ndivyo alivyofundishwa yeye, na hataki maswali.

Nilianza kuchora mimi. Kwa bikari. Bi Zuurakan akasema pembe zangu ni za kondoo aliyezaliwa kiwandani. Akazifuta kwa kiganja, chaki akampa Burulai. Burulai akachora bila kupima popote, pembe nne, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Nikakata mimi. Kisu changu mwenyewe, cha mpini wa mfupa, zawadi ya mama. 

"Enhee," akasema Bi Zuurakan. "Hapa ukikata vibaya umeharibu zulia. Kule kwenu ukikata vibaya watu wanaingia mtoni. Afadhali uharibie kwangu."

Hoja nzuri sana. Inaibomoa ya tisa kabisa. Nimeiandika humu tu, sitamwambia mtu.

Jioni nikampigia mama, nikamuuliza uzi wa pindo unasokotwaje.   Kwanza akauliza mwenzangu wa kukata ni nani. Nikasema mtu tu. "Kwa mtu tu usingenipigia simu, mwanangu," akasema. Akaeleza kwamba uzi mmoja husokotwa kulia na mwingine kushoto, zikilala pamoja hazifunguki. Akauliza nakuja lini. Nikasema baada ya mitihani. Akasema theluji imeshashuka mpaka zizini.

Baada ya simu nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Nina hamu ya nyumbani na nina hamu ya Jumanne. Sijui ipi inaniuma zaidi.

Pembe nne nyeusi ziko mfukoni mwa koti. Nazigusa kila baada ya muda, kuhakikisha.

Jumamosi, 16 Novemba

Nina mpango! Ombi la kupinga ombi. Nimeliandika kwa mkono wa kushoto ili nisijulikane. Saa nne nzima. Mistari inapanda mlima, lakini hoja ni za moto: mhandisi asiyejua sufi hajui ubaridi, asiyejua ubaridi atajenga madaraja yatakayopasuka Januari. Nimeweka na ile ya Bi Zuurakan bila kumtaja.

Nimepita chumba kwa chumba. Kila mtu ananiuliza kama naumwa. Wiki mbili zilizopita niliwasimamisha korido hii hii nikawahubiria kwamba tunaonewa, leo nawaambia wakubali kuonewa. Saini tisa. Tatu nimezipata kwa sambusa. Mbili ni za watu wanaodhani tunadai kiwanja cha mpira. Moja ni ya Rysbek. Alikuwa anakula tambi, hata macho hakuinua. Usiku nimelisukuma chini ya mlango wa masijala.

Jumatatu, 18 Novemba

Sitaki kuiandika siku hii. Naiandika.

Naibu Mkuu, Bwana Asankul, katuita kamati nzima ya ombi la kwanza, watu saba. Juu ya meza maombi mawili, ubavu kwa ubavu. Akasema amefanya kazi ofisini miaka thelathini na hajapata kuona mtu akigombana na nafsi yake kwa maandishi. Yote mawili yanaanza na maneno "Kwa heshima iliyochanganyika na maumivu." Yote mawili yana pambizo za rula. Tofauti ni kwamba la pili limeandikwa na mtu huyo huyo akiwa juu ya farasi.

Kamati wakanigeukia. Rysbek akauliza ombi gani la pili. Saini yake iko pale, ya kwanza!

Bwana Asankul hakukasirika. Heri angekasirika. Alivua miwani, akaongea pole pole kama anayezungumza na mtoto wa ndugu yake. "Kijana wangu, mimi sijali karatasi. Wewe mwenyewe unataka nini? Sema neno moja tu, nayachana yote mawili, twende tukanywe chai."

Neno lilikuwa mdomoni. Naapa, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilimwona akilini Burulai na chaki yake. Lakini wale sita walikuwa wananitazama, na nyuma yao wengine mia mbili. Nani angenisikiliza tena chuo kizima? Nikakohoa. Nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Daraja halishikiliwi na sufi!"

Wakanipigia makofi. Naibu Mkuu akavaa miwani, akatia saini. Kuanzia keshokutwa wahandisi hawalazimiki.

Nimeshinda. Sijala chakula cha jioni.

Jumanne, 19 Novemba

Darasa la mwisho la lazima. Wahandisi walifurahi, wengine walitupa vijisufi juu kama theluji.  Bi Zuurakan alivua aproni, akaikunja mara nne, akabandika karatasi mlangoni: atakayependa kuendelea kwa hiari aandike jina. Nafasi kumi na mbili. Kalamu ameining'iniza kwa uzi wa sufi.

Burulai akanipongeza. "Hongera, mheshimiwa," akasema, na lile neno mheshimiwa lilinichoma kuliko tusi. Nikajieleza kwamba ni suala la msingi, si la sufi. Akasema yeye hakulazimishwa. Wa hali ya hewa waliachiwa wachague somo lolote la nje, akachagua hili. Anataka kazi kwenye kituo cha kupimia theluji juu ya mlima. Huko mtu hukaa miezi peke yake na vipimo. Akawaza awe na kitu cha sakafuni alichokitengeneza mwenyewe, chenye vipande vya mtu mwingine.

Kisha akanyoosha zulia lake jekundu. Matundu manne. Nilimwona kupitia tundu moja, jicho na nusu ya shavu.

"Sasa mimi nabaki na haya?" akauliza. "Si uandike jina tu, Kubat."

Nikasema nitaangalia ratiba.

"Ratiba ya nani?"

Pembe zilikuwa mfukoni. Ningeweza kumpa pale pale, lakini pindo hazijashonwa, na Bi Zuurakan alikuwa anaangalia. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba nikimpa, basi, sina tena cha kunirudisha kwake.

Alhamisi, 21 Novemba

Saa nane mchana nilijikuta nyuma ya chumba cha tanuri. Nilikuwa nakagua nyufa za ukuta. Ndivyo nilivyomwambia mlinzi aliyeniuliza ninachungulia nini dirishani. Akasema ukuta hauna ufa. Nikamwambia bado.

Ndani walikuwa wanashona na kunywa chai. Burulai alikaa peke yake. Mbele yake kiti kitupu.

Nikamsubiri Bi Zuurakan atoke. Nilikuwa na mpango mpya, safi, usio na mkono wa kushoto. Nikamwomba anifelishe! Mtu akifeli somo hurudia kwa lazima, kanuni ya chuo, hakuna wa kunicheka. Tena nimekosa vipindi kumi, bibi kafa mara mbili, sababu zipo tele.

Bi Zuurakan akasema nimechelewa. Walioondolewa wote wamefaulu bila mtihani kwa amri ya Naibu Mkuu. Akaomba kitabu changu cha alama, akakipekua, akakiegemeza ukutani, akaandika pale pale. Tano! Alama ya juu kabisa! Akasema ni kwa ajili ya ule mkato. Nimepiga magoti kwa walimu wengine miaka mitatu sijapata tano.

"Mlango hauna komeo, baba," akasema akiondoka. Nikamwambia suala si mlango.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo niliamua. Kwa kweli niliamua! Nikaoga. Nikafika mbele ya karatasi mlangoni. Majina kumi na moja. Imebaki nafasi moja. Nikaishika kalamu. Nikaandika K.

Nikasikia viatu vya Rysbek.

Nikaifuta K kwa kidole, nikainama kufunga kamba. Viatu vyangu vya leo havina kamba. Rysbek akauliza nafanya nini hapa, nikasema nahakikisha hawajamlazimisha mtu. Akasema safi sana. Akasoma karatasi, mara ya kwanza katika maisha yake namwona akisoma kitu. Kisha akachukua kalamu akaandika jina lake lote, na la baba yake, kwenye nafasi ya kumi na mbili.

Sikuamini macho yangu. Nikamkumbusha kwamba saini yake ni ya pili kwenye ombi la kulikataa somo hili hili.

"Ile ilikuwa kulazimishwa," akasema. "Hii ni kwenda tu. Halafu kuna chai."

Hana haya kabisa huyu mtu! Nilimwangalia akiondoka anapiga mluzi. Kitu ninachokililia wiki nzima, yeye kakifanya akiwa njiani kwenda chooni.

Jumanne, 26 Novemba

Rysbek karudi bwenini ananuka sufi. Harufu imejaa chumba. Nililala kifudifudi nikajifanya nasoma mihimili ya madaraja.

Amekaa kiti changu. Nilimuuliza kwa utaratibu, kama mtu anayeuliza habari za mpira, kama kuna aliyesema lolote. Akasema Burulai kauliza zile pembe nyeusi ziko wapi. Yeye akamwambia hajui, lakini si taabu, sufi nyeusi ipo, watakata nyingine. Burulai akamjibu kwamba atasubiri mpaka Jumanne ijayo.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Atasubiri mpaka Jumanne ijayo.

Alisema kwa sauti gani? Rysbek hajui. Alisema kwa mdomo.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimepita mlangoni kwa bahati, mara nne. Chini ya jina la Rysbek pameongezwa mstari wa kumi na tatu. Umechorwa kwa mkono, kwa chaki ya kuchorea pembe. Hauna jina.

Najua ni wa nani. Nilisimama mbele yake mpaka kengele ikalia.  Nilitamani mtu apite anikamate mkono wa koti kama siku ile, aniburute ndani nikipiga kelele kwamba naonewa. Mbona siku ile ilikuwa rahisi! Nililazimishwa, na sijapata kuwa na furaha kama ile tangu nije mjini.

Hapo hapo likanijia wazo.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimeandika. Mkono wa kulia, wino wa buluu, pambizo za rula.

"Kwa heshima iliyochanganyika na maumivu. Mimi, Kubatbek, mwaka wa tatu, barabara na madaraja, naomba nilazimishwe kuhudhuria somo la sufi, Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana. Naomba amri hiyo ibandikwe hadharani, ili ijulikane kwamba sikutaka."

Karani wa masijala kaisoma mara mbili. Kasema hakuna fomu ya namna hiyo. Kuna karatasi mlangoni na kalamu kwenye uzi, yeye mwenyewe kaiona, hata mstari upo. Nikamweleza kwamba hajaelewa uzito wa jambo. Akasema basi, ombi la mtu mmoja halipokelewi, kama nataka lisikilizwe nilete saini zisizopungua mia mbili.

Mia mbili! Nilizipata mara moja, nitazipata tena. Nimetoka pale mwepesi. Sasa mambo yamenyooka.

Kantini nilikutana na Burulai kwenye foleni ya chai. Akauliza kama nitakuja Jumanne. Nikamwambia mambo yanashughulikiwa. Akanitazama muda, kama anavyotazama mawingu anapojiuliza kama yatashusha kitu au yatapita. Akasema, "Sawa, Kubat." Macho yake yalikuwa mazuri na yamechoka. Nilitaka kumwambia yote. Foleni ikasogea.

Jumanne, 3 Desemba

Tangu saa mbili asubuhi nipo kwenye ngazi ya jengo la uhandisi na ombi langu. Theluji inaanguka, Burulai lazima aliitabiri. Watu wanapita wamejikunyata. Wananiambia walishatia saini. Nawaambia ile ilikuwa nyingine. Wanasema wamechoka na mimi.

Mama kapiga simu, kauliza kama nimeshampa mtu tu pembe zake. Nikamwambia bado saini kidogo. Akauliza saini za nini. Mtandao ukawa mbaya, yaani nikaufanya uwe mbaya.

Saa nane kasorobo akatokea Rysbek, kofia kichwani, mbio mbio. Nikamnyooshea karatasi. Akaiweka juu ya goti akatia saini bila kusoma, kubwa kuliko yangu. Alikuwa anawahi darasa. Kabla hajaondoka akauliza kama ninaweza kumwazima kisu, cha darasani hakikati vizuri sufi mbili kwa pamoja.

Nikamwazima. Nikamwambia akirudishe jioni.

Saini mpaka sasa ni mbili, yangu na ya Rysbek. Zimebaki mia moja na tisini na nane. Kwa siku ya kwanza si haba. Kesho naanza na bweni la wasichana.